Usinunue chuo kwa namba ya foleni ya wengine

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei ya korosho, dola na hisa. Wiki hii naomba radhi kwa kuingiza bidhaa isiyopimwa kwa kilo, ingawa wapo wanaouza viwanja ili kuinunua. Bidhaa hiyo ni nafasi ya kusoma sayansi ya kompyuta katika vyuo vya uhandisi vya India.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa pale Kariakoo, msomaji wa siku nyingi wa safu hii, aliniita dukani kwake akanionyesha karatasi aliyopewa na wakala wa vyuo vya nje. Karatasi ilikuwa na jedwali la vyuo na namba. Chuo cha Bombay 68, cha Delhi 116, cha Madras 159, na chini kabisa chuo cha binafsi ambacho wakala alikuwa anakipigia debe, nacho kimeandikiwa namba ya maelfu. Wakala alimweleza kuwa namba hizo ndizo daraja za ubora, na kwamba kijana wake aliyemaliza kidato cha sita ana bahati, maana chuo hicho "kinawakaribia wakubwa". Malipo ya kwanza yalitakiwa kabla ya Ijumaa. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma biashara, hizi namba ni kitu gani?"

Nilimjibu pale dukani kwa kifupi. Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu nina hakika hayuko peke yake.

Tuanze na wakubwa wenyewe. India ina vyuo 23 vya teknolojia vinavyomilikiwa na serikali kuu, maarufu kwa herufi tatu, IIT. Cha kwanza kilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, kikafuatiwa na Bombay mwaka 1958, Madras na Kanpur mwaka 1959 na Delhi mwaka 1961. Kuingia huko si kwa barua ya mjomba. Kuna mitihani miwili. Wa kwanza unaitwa JEE Main, ambao mwaka 2024 ulifanywa na vijana zaidi ya milioni 1.4. Katika hao, robo milioni walio bora huruhusiwa kufanya wa pili, JEE Advanced. Mwaka huo walioufanya karatasi zote mbili walikuwa 180,200, na waliofanikiwa kuingia kwenye orodha ya washindi walikuwa 48,248. Nafasi zote za IIT, masomo yote yakijumlishwa, zilikuwa 17,740. Kwa lugha ya sokoni, wanunuzi waliobaki na tiketi mkononi walikuwa karibu watatu kwa kila mfuko mmoja wa bidhaa.

Kila aliye kwenye orodha hupewa namba yake, kuanzia 1 kwenda chini. Kisha huandika vyuo na masomo anayoyataka kwa mpangilio wa mapenzi yake. Kompyuta humchukua namba 1 ikampa chaguo lake la kwanza, ikaenda kwa namba 2, ikaendelea hivyo, na kila mmoja anapewa chaguo la juu kabisa ambalo bado lina nafasi. Mtu wa mwisho kupata nafasi ya sayansi ya kompyuta pale Bombay, namba yake ndiyo huandikwa kwenye jedwali kuwa namba ya kufungia. Mwaka 2023 ilikuwa 67, na mwaka 2024 ikawa 68. Hakuna profesa aliyekaa ofisini akaamua kwamba wa 69 hafai. Nafasi ziliisha tu.

Wazee wetu wanaokumbuka maduka ya ushirika na ya kaya mwanzoni mwa miaka ya themanini hawahitaji maelezo zaidi. Gari la sukari likifika, foleni inapangwa. Ukiambiwa kwamba leo mtu wa mwisho kupata sukari alikuwa wa 68, umejua mambo mawili: mifuko ilikuwa mingapi, na watu walikuwa na hamu kiasi gani ya kuwahi. Juu ya utamu wa sukari hujaambiwa neno. Kesho lori likileta mifuko mara mbili, foleni itahudumiwa hadi mtu wa 130, na sukari ni ile ile. Chuo nacho kikiongeza nafasi, namba yake ya kufungia inasogea mbali, na wasiojua wanasema chuo kimeshuka.

Kwa wale wanaonunua dhamana za serikali, mfano ulio karibu zaidi ni mnada wa Benki Kuu. Matokeo ya mnada yakitoka huwa yanaonyesha bei ya chini kabisa iliyokubaliwa. Bei hiyo haikupangwa na Benki Kuu siku ya kutangaza mnada. Ilitokana na nani alileta fedha siku hiyo na serikali ilikuwa inataka kukopa kiasi gani. Hakuna mwekezaji mwenye akili zake anayechukua bei hiyo ya mwezi uliopita akaidhania kuwa ni ahadi ya mwezi ujao. Lakini mwekezaji huyo huyo, likija suala la mtoto wake, anaichukua namba ya kufungia ya mwaka uliopita kama msahafu.

Ukitaka kuisoma namba hiyo sawasawa, ujue kwanza ni ya foleni gani. Hapa ndipo karatasi za mawakala zinapowapoteza watu. Foleni si moja. Katika kila nafasi 100 za IIT, sheria za India hutenga 27 kwa matabaka yaliyoachwa nyuma kimaendeleo, 15 kwa jamii zilizokuwa zikibaguliwa kwa misingi ya tabaka, 7 na nusu kwa makabila yaliyosajiliwa, na tangu mwaka 2019, 10 kwa wenye kipato kidogo wasioingia katika mafungu hayo. Kwa hiyo nafasi za wazi kwa kila mtu ni 40 na nusu tu. Ile 68 ya Bombay ni ya fungu hilo la wazi. Mafungu mengine yana orodha zao na namba zao. Namba 40 katika orodha ya fungu maalumu si sawa na namba 40 ya orodha ya jumla, kama vile shilingi 40 zisivyo dola 40. Tangu mwaka 2018 zimeongezwa pia nafasi za ziada kwa wasichana, nazo zina mstari wake kwenye jedwali, ambao hufungia mbali zaidi. Mtu akikupa namba moja bila kukuambia fungu, amekupa bei bila kukutajia fedha.

Tena kuna foleni ya JEE Main na foleni ya JEE Advanced. IIT hutumia ya pili. Vyuo vingine vya serikali, vinavyojulikana kwa herufi NIT, hutumia ya kwanza, na nusu ya nafasi zao huwekewa wenyeji wa jimbo husika. Hivyo chuo kimoja cha NIT, somo moja, mwaka mmoja, kina namba ya kufungia ya wenyeji na nyingine ya watu wa majimbo mengine. Kuiweka namba ya NIT chini ya namba ya IIT katika safu moja, kama alivyofanya wakala wa mzee wetu, ni kujumlisha gunia za mahindi na lita za mafuta.

Jambo lingine ni awamu. Nafasi hazigawiwi siku moja. Mwaka 2023 kulikuwa na awamu sita, mwaka 2024 tano. Kijana aliyepata chaguo lake la nne anaweza kuishika nafasi hiyo huku akisubiri kuona kama ya juu itafunguka awamu inayofuata. Wenzangu wa soko la fedha watatambua mchezo huo mara moja: analipa kidogo ili abaki na haki ya kubadili mawazo. Kwa hiyo namba ya awamu ya kwanza huwa kali kuliko ya mwisho, hasa katika vyuo vya kati ambako watu huhamahama. Atakayekuogopesha hukutajia ya kwanza, na atakayekutia moyo hukutajia ya mwisho.

Na alama je? Wazazi wengi huuliza mtoto apate alama ngapi. Swali hilo halina jibu kabla ya mtihani. Aliyeshika namba 1 mwaka 2022 alikuwa na alama 314 kati ya 360. Aliyeshika namba 1 mwaka 2024 alikuwa na 355. Sidhani kama bongo za vijana wa India ziliongezeka kiasi hicho kwa miaka miwili. Mtihani ulikuwa mwepesi zaidi, basi. Namba hupima umewapita wangapi, na huko juu kabisa ambako watu wamebanana, swali moja ulilolijibu vibaya kwa haraka linaweza kukurudisha nyuma watu kadhaa. Tofauti ya Bombay na Madras katika jedwali la mwaka 2024 ni ya watu 91 katika mtihani wa watu 180,200. Mwenye duka anayepoteza usingizi kwa tofauti ya namna hiyo atazeeka mapema.

Sasa tuulize kwa nini ni kompyuta. Kanpur ilipata kompyuta aina ya IBM 1620 mwaka 1963 ikaanza kuifundishia, na wakati huo uhandisi wa umeme na wa mitambo ndio uliokuwa na jina. Kilichobadilisha foleni ni ajira. Kampuni kama TCS, iliyoanza mwaka 1968, na Infosys, iliyoanza mwaka 1981 na kuingiza hisa zake soko la Nasdaq la Marekani mwaka 1999, ziliifanya programu kuwa bidhaa ya India ya kuuza nje. Mishahara ikapanda, foleni ikahama. Namba ya kufungia ni kivuli cha matarajio ya ajira kama yanavyoonekana siku ya kujaza fomu.

Hapo ndipo sisi tulio sokoni tunapaswa kushtuka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, idadi ya wafanyakazi wa TCS ilipungua kwa zaidi ya 13,000, na ya Infosys kwa karibu 26,000. Miezi michache baadaye vijana walijaza fomu zao, na Bombay ikafungia 68 badala ya 67. Bei haikutikisika. Inawezekana wanunuzi wanajua jambo tusilolijua, kwamba walio kileleni hawaguswi na upepo wa chini. Inawezekana pia wanafanya walichofanya watu wa karafuu. Wazanzibari wanakumbuka: bei ikipaa unapanda mikarafuu, na mikarafuu ikianza kuzaa, Indonesia, mnunuzi wako mkubwa, imeanza kujitosheleza na bei imeporomoka. Hayo yalitokea miaka ya themanini. Shahada huchukua miaka minne. Anayeingia leo ananunua kwa bei ya leo mali atakayoipokea baada ya miaka minne, na akili za kompyuta zenyewe zimeanza kuandika programu. Mimi sisemi bei itaanguka. Nasema jedwali la namba za kufungia halina safu ya jambo hilo.

Ninakubali kwamba namba ina thamani fulani. Inakuambia mtoto atakaa darasani na watu wa namna gani, na mwanafunzi hujifunza mengi kwa wenzake. Pia waajiri wakubwa huenda IIT kwa sababu chujio limekwisha kufanya kazi ngumu kwa niaba yao. Wananunua chujio kwanza, mafunzo baadaye. Ndiyo maana chujio lenyewe limekuwa biashara. Mji wa Kota katika jimbo la Rajasthan umejengwa juu ya masomo ya ziada ya mitihani hii, ambayo serikali huyatoza kodi ya asilimia 18. Mwaka 2021 kampuni ya Byju's iliinunua kampuni ya masomo ya ziada ya Aakash kwa bei iliyotajwa kuwa karibu dola bilioni 1, na mwaka 2024 Byju's yenyewe ikaingizwa katika taratibu za ufilisi. Mwekezaji mdogo na ajifunze hapo anachoweza. Lakini mwaka 2023, katika mji huo huo wa Kota, vijana zaidi ya 20 walijiua, na wakuu wa wilaya wakaagiza mapanga-boi ya dari yafungwe kwa springi yasiweze kubeba uzito wa mtu. Nimeisoma amri hiyo mara nyingi, na bado sijui mhasibu angeiandika upande gani wa daftari.

Turudi Kariakoo. Kijana wa mzee wetu hakufanya JEE Main wala JEE Advanced. Ni Mtanzania. Raia wa kigeni wanaweza kuingia IIT, na kwao ruhusa ipo ya kujiandikisha JEE Advanced moja kwa moja, kwa nafasi za ziada zisizozidi asilimia 10. Lakini lazima waufanye mtihani, na hapa kwetu wanaojaribu ni wachache. Vyuo vya binafsi vya India ni habari nyingine. Vingi vina nafasi za wageni zilizo nje ya hesabu ya wenyeji, ambazo hulipiwa kwa dola na kuombwa kwa cheti cha kidato cha sita. Humo hakuna foleni. Namba ya kufungia iliyo kwenye karatasi ya wakala, hata kama ni ya kweli, ni ya Wahindi waliosimama kwenye dirisha lingine. Kijana ataingilia mlango wa pembeni, ambao unafungwa na uwezo wa baba yake wa kulipa.

Mlango wa pembeni si dhambi. Nawafahamu waliosoma kwa njia hiyo, wakarudi na kazi nzuri. Ila bei yake haiwezi kupimwa kwa jedwali la mlango wa mbele. Ni sawa na muuza hisa za kampuni isiyoorodheshwa akuonyeshe bei ya kufungia ya kampuni nyingine iliyoko sokoni na kukuambia, "Hii yetu inaikaribia."

Wapo watakaosema kwamba IIT yenyewe sasa iko Zanzibar. Ni kweli. IIT Madras ilifungua tawi huko mwaka 2023, la kwanza la IIT nje ya India, na likaanza na sayansi ya data na akili za kompyuta. Ada ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 kwa mwaka. Tawi lilipoanza, kuingia kulikuwa kwa mtihani wa tawi lenyewe na usaili, bila namba ya JEE. Kwa hiyo 159 ya Madras haihusiki na Zanzibar hata kidogo, wala kwa wema wala kwa ubaya. Mimi ningelisoma tawi hilo kama hisa mpya iliyoingia sokoni: haina historia ya bei, basi unasoma waraka wa matarajio. Nani anafundisha, ni wa kudumu au wa kupita, mitaala inalingana na ya Madras kwa kiasi gani, na waliomaliza wanaajiriwa wapi. Ni kazi kubwa kuliko kutazama namba moja. Faida yake ni kwamba unaweza kupanda boti ukaenda kuuliza mwenyewe.

Majirani zetu Wakenya wana namba zao, ambazo chombo chao cha kupanga wanafunzi, KUCCPS, huzitoa kwa kila kozi. Kwao alama ikiwa juu ndiyo ghali, wakati kwa Wahindi namba ikiwa chini ndiyo ghali, na nimekwisha kuona mtu akizisoma kinyume. Zaidi ya hapo kanuni ni ile ile. Ni namba za mwaka uliopita, zilizotokana na walioomba mwaka uliopita.

Mzee alinisikiliza huku akimpimia mteja mita tatu za kitenge. Kisha akasema fedha anayo, shamba la Kibaha limepata mnunuzi, na kijana ana hamu. Hakutaka nimkatishe tamaa, na sikutaka kumkatisha. Nilimwomba tu kabla ya Ijumaa ampigie wakala amuulize mambo matatu: hiyo namba ni ya mtihani gani na fungu gani, mwaka uliopita wageni wangapi waliingia kozi hiyo na kwa masharti gani, na kama chuo kinaweza kumpa majina ya kampuni zilizowaajiri wageni hao, sio Wahindi, baada ya kumaliza.

Alipiga simu mbele yangu. Wakala alijibu swali la kwanza kwa kusema kwamba ni namba ya kimataifa. Mzee akamshukuru, akakata simu, akaniuliza boti ya asubuhi ya kwenda Unguja inaondoka saa ngapi.